Likizo ya Mama Uliyoiomba Wewe

Maramba,
Wilaya ya Mkinga,
Tanga.

Jumapili, 24 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Imakulata,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Morogoro, wewe na mume wako Innocent na kaka Mathew. Natumaini pia kwamba lile bega lililokuwa likikusumbua tangu Pasaka limepoa, maana bibi huliulizia kila siku na mimi sina la kumjibu.

Sisi hapa tu wazima. Mama anaendelea vizuri, anakunywa uji wa pilipili manga na kulalamika kwamba tunamnenepesha. Mdogo wangu Noa amepona mafua. Mtoto ananyonya na kulala, na akilia hulia kwa sauti nene ambayo baba anasema ni ya kwako. Bibi naye yupo hapa kwetu, nitakueleza imekuwaje. Mimi ni mzima wa mwili, ila nina hasira, na hasira hiyo ni juu yako. Nimeona niseme mapema, usije ukafika katikati ya barua ukidhani nimekuandikia habari za mtoto tu.

Nimechagua barua kwa sababu kwenye simu wewe huongea na mwenzako husikiliza. Nikikupigia nitasema shikamoo, utasema marahaba, masomo vipi, haya mpe baba yako. Karatasi haiwezi kuambiwa impe baba.

Nianze na mtoto. Alizaliwa tarehe kumi mwezi huu kwenye kituo cha afya, msichana, na mama hakushonwa. Baba alipewa siku tatu za mapumziko na kiwanda cha mkonge, akazimaliza kwa kuezeka upya choo, akarudi kazini amechoka kuliko mama. Ujumbe wako wa pongezi ulifika siku hiyohiyo. Niliusoma mimi kwa sababu baba alikuwa ameshika ndoo mikono yote miwili. Uliuliza mtoto ataitwa nani. Nilipomsomea baba, akaniuliza, "Na mama yako hakumuulizia?" Nikasema hakumuulizia. Akasema labda ujumbe umekatika. Haukukatika, shangazi. Niliusoma mpaka mwisho.

Sasa niseme kuhusu likizo. Wewe ni mfanyakazi wa ofisini na mambo haya unayajua kuliko mimi, lakini nitayaeleza kama ninavyoyajua ili tusipishane. Mama ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Juzer. Mwaka jana hakwenda likizo yake ya mwaka, kwa sababu keshia mwenzake, Mastura, aliolewa akahamia Horohoro, na mama akabaki peke yake kaunta. Mwezi wa kwanza, alipokuwa na uhakika kwamba ni mjamzito, alimwendea Bwana Juzer wakakubaliana. Likizo ya uzazi ingeanza mtoto akizaliwa. Ikiisha mwanzoni mwa Novemba, mama angeunganisha na ile likizo ya mwaka aliyokuwa anaidai, kisha arudi kazini Desemba.

Mama hakuipanga hivyo kwa kupenda kukaa. Aliipanga kwa ajili yangu. Mtihani wangu wa kidato cha nne unaanza katikati ya Novemba na kuisha mwanzoni mwa Desemba. Dukani kuna vumbi la saruji na harufu ya rangi, mtoto mchanga hawezi kushinda humo. Na dada wa kazi mama hataki hata kumsikia, tangu yule aliyekuwepo alipoondoka bila kuaga na tukamkuta Noa amefungiwa ndani peke yake, hajaanza hata kutambaa. Unalikumbuka tukio hilo. Kitu ambacho labda hukumbuki ni kwamba nilikuwa darasa la sita, na baada ya hapo nilikaa nyumbani muhula mzima nikimlea Noa. Niliporudi shule, nafasi yangu kwenye dawati alikuwa amekaa mwingine, na hesabu za sehemu zilikuwa zimepita bila mimi. Mpaka leo sehemu hunipa shida. Mama aliniahidi kwamba jambo hilo halitanipata tena. Hiyo likizo ndiyo ilikuwa ahadi yenyewe, hakuwa na namna nyingine ya kuitimiza.

Mwezi wa tano bibi akateleza kwenye ngazi za kanisa kule kwake Gare, milimani, na kuvunjika nyonga. Hilo si kosa la mtu. Baba alikwenda siku ileile, akakaa naye hospitali mpaka alipotibiwa na kuruhusiwa, akamrudisha nyumbani, kisha kiwanda kikamwita. Ikabaki swali la nani atakaa naye.

Hapo ndipo ulipompigia simu Bwana Juzer. Hukumpigia mama. Hukumpigia baba, ambaye ni ndugu yako wa tumbo moja. Namba ya duka uliitoa kwenye risiti ya mabati yaliyonunuliwa hapa kwa ajili ya nyumba yako. Bwana Juzer mwenyewe ametusimulia uliyomwambia: kwamba wewe ni dada mkubwa wa mume wa Bibiana, kwamba mama yenu yuko kitandani, kwamba kwenu mkamwana ndiye anayemtunza mama mkwe, ila Bibiana anaona haya kuomba ruhusa. Ulisema hivyo, anaona haya. Bwana Juzer ni mtu ambaye mama yake mzazi akikohoa yeye hufunga duka. Hakungoja kusikia zaidi.

Kesho yake mama alifika kazini akamkuta Bi Insiya, mke wa Bwana Juzer, ameketi kwenye kiti chake.

"Bibiana, wewe bado uko Maramba?" Bwana Juzer akamuuliza. "Nenda kwa mkweo. Mama ni mama. Likizo nimeshakuandikia, inaanza leo."

"Likizo ipi, Bwana Juzer?"

"Ya mwaka. Unayo nyingine?"

Mama alirudi nyumbani asubuhi ileile, chakula chake cha mchana bado kimefungwa kwenye mkoba. Nilipotoka shule nilimuuliza kwa nini hakusema palepale kwamba hakuomba. Akaniuliza aseme nini, kwamba wifi yake mkubwa ni mwongo, mbele ya Bi Insiya na wateja wa misumari? Alinyamaza kwa kukuheshimu wewe. Kunyamaza kwake kukachukuliwa kuwa ni kukubali.

Akapanda Gare na mimba yake. Njia ya kutoka barabarani hadi kwa bibi unaijua, ni kupanda tu, na bomba liko chini kabisa kwenye mgomba wa mwisho. Miguu ilimvimba mpaka ndala hazikuingia, akawa anatembea na viatu vya marehemu babu. Alipika, alifua, aliteka maji, alipalilia maharage ya bibi yasife. Hayo yote alinisimulia bila kulalamika, na mimi ningeweza kuyameza. Jambo ambalo halijamezeka ndilo hili linalofuata.

Bibi hakukubali kuogeshwa na mama.

Sijui kama ulilisahau hilo au ulilijua ukalipuuza. Wewe ndiye uliyezaliwa na kulelewa katika nyumba ile, mama ni wa kuolewa tu. Siku ya kwanza mama alichemsha maji, akayapoza kiasi, akaleta beseni na khanga kavu. Bibi akamwambia, "Asante, mwanangu. Weka hapo, kisha utoke." Mama akatoka, akakaa barazani. Bibi peke yake wakati ule hakuweza hata kujigeuza. Maji yakapoa, mama akaingia akayatoa. Kesho yake ikawa vilevile. Siku iliyofuata mama alipiga magoti kando ya kitanda akamsihi, na bibi akalia. Alimwambia hivi:

"Bibiana, wewe ni mke wa mwanangu. Utanipikia, utanilisha, utaniwekea mto. Utupu wangu hutauona. Nikikuvulia nguo leo, kesho nitakutazamaje ukiwa umekaa na Ernesti?"

Mama akanyanyuka akalichukua beseni, maana hata yeye, kama angekuwa mahali pa bibi, angesema hayohayo. Kwa hiyo ile likizo ya Novemba ililiwa barazani Gare, mama akingoja maji yapoe.

Aliyemwogesha bibi ni jirani, mama Yasini, aliyekuwa akipanda kwa bibi akitoka shamba. Siku asipopata nafasi, bibi alilala hivyohivyo. Shule ilipofungwa mwezi wa sita, sisi wa kidato cha nne tulitakiwa tubaki kwa masomo ya ziada. Niliomba ruhusa nikapanda Gare. Bibi aliponiona mlangoni, mama anasema ndiyo mara ya kwanza alicheka tangu aanguke.

"Mke mwenza amekuja," akamwambia mama. "Mpishe apite. Huyu ana haki ya kunivua, tunagombea mume mmoja."

"Mume mwenyewe amelala pale chini ya migomba, bibi," nikamwambia.

"Ndiyo maana sina wasiwasi. Hawezi kukuchagua."

Nilimwogesha siku hiyo na siku zote zilizofuata. Nilijifunza kumgeuza: mguu mzima kwanza, mto katikati, kisha ule mwingine. Mgongoni alikuwa ameanza kuchubuka. Sikuona kinyaa wala tabu, niliona hasira tu, na hata hiyo niliificha kwa sababu bibi anasoma nyuso. Kitabu changu cha Kemia kilikaa ndani ya begi mpaka tuliporudi.

Halafu ukapiga simu. Mikono ya bibi wakati ule ilikuwa bado inatetemeka, kwa hiyo mimi ndiye niliyeishika simu sikioni mwake. Sauti yako ni kubwa, shangazi, haihitaji kipaza sauti. Bibi alikuambia, "Imakulata, nilizaa binti mmoja. Njoo unioshe." Ukamjibu, "Mama, nikichukua likizo sasa nitakosa ya Krismasi. Si Bibiana yupo?"

Kumbe na wewe unajua kuweka likizo. Ya kwako umeiweka kwa ajili ya Krismasi, mama aliiweka kwa ajili ya mtihani. Nimeitafuta tofauti nikaipata moja tu, kwamba ya kwako ni yako na ya mama ni ya ukoo mzima. Bibi aliniambia nizime simu. Akageuza uso ukutani, nami nikaendelea kuukanda mguu wake.

Tuliporudi Maramba mwezi wa saba, bibi tukimwacha mikononi mwa mama Yasini, mama alijikaza akamwendea Bwana Juzer na kumweleza ukweli. Nilimsindikiza kwa sababu ya uzito wake. Bwana Juzer alisikitika, na nadhani alisikitika kweli, kwa kuwa simu yake iliita mara mbili na hakuipokea.

"Kumbe hukuomba wewe?" alisema. "Mimi nilidhani nakufanyia wema."

"Najua, Bwana Juzer."

"Sasa nifanyeje, Bibiana? Siwezi kusema hukuondoka na uliondoka."

Alikuwa na haki. Bi Insiya alikaa kaunta mwezi mzima akiwaacha watoto wake na mama mkwe, na Novemba ndipo watu wote wanapopaua nyumba zao kabla ya Krismasi, duka halipumui. Alichokubali ni mama kurudi nyumbani mchana kumnyonyesha mtoto, kama sheria inavyotaka. Simlaumu. Aliambiwa jambo na mtu mzima, akaliamini.

Najua utasema sina shukrani. Sijasahau kwamba sare yangu ya kidato cha kwanza uliishona wewe, na kwamba sketi uliiachia upindo mrefu ili nikue nayo. Bado naivaa. Ndiyo maana maneno uliyoyasema Jumapili iliyopita yaliniuma kuliko kama yangesemwa na mtu mwingine.

Siku hiyo baba alikupigia kukuomba ushauri kuhusu Novemba. Simu aliiweka mezani kwa sauti kubwa, kwa kuwa alikuwa anamkata Noa kucha. Mimi nilikuwa namenya ndizi palepale. Nayaandika maneno yako kama yalivyo, usije ukasema nimeyaongeza: "Ernesti, unahangaika nini? Si Ritha yupo? Msichana mkubwa namna ile. Hiyo Novemba akae na mtoto. Mtihani upo kila mwaka, hata mwakani anaweza kufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwani nani kamwambia atafaulu?"

Baba akasema, "Sawa, dada." Hakunitazama. Aliendelea kukata kucha mpaka Noa mwenyewe akamwambia zimekwisha.

Nakujibu sasa, kwa kuwa siku ile sikuulizwa. Nani kaniambia nitafaulu? Mwalimu wangu wa Baiolojia kaniambia. Mtihani wa majaribio wa mwezi wa saba umeniambia, maana nilikuwa wa pili darasani pamoja na kukosa masomo ya ziada yote. Na mimi mwenyewe nimejiambia. Nataka kusomea uuguzi na ukunga. Nia hii ilikuwepo kidogo tangu zamani, lakini ilikaa sawasawa kule Gare, nilipogundua kwamba ninaweza kumgeuza mtu aliyevunjika bila kumuumiza. Hujawahi kuisikia kwa sababu baada ya "masomo vipi" wewe huwa hungoji jibu. Huyo mtahiniwa wa kujitegemea unayemsema ninamfahamu. Wapo watatu mtaani kwetu, wote wasichana, wote waliambiwa mwakani, na wote sasa wana watoto wao wa kulea.

Mama alikuwa chumbani na mtoto, lakini kuta zetu unazijua. Wakati wa chakula alimuuliza baba kwa upole kabisa, "Ernesti, hiyo sawa uliyosema, ulimjibu dada yako au ulinijibu mimi?"

Baba akasema alimjibu dada.

"Basi mimi bado hujanijibu."

Baba aliacha kula. Alitoka uani akampigia bibi kupitia simu ya mama Yasini kule Gare. Sijui aliyoambiwa, nilisikia tu "ndiyo, mama" nyingi, moja juu ya nyingine. Alhamisi akaazima gari la Daniel, fundi mwenzake kiwandani, akaenda Gare, na jioni akarudi na bibi amelazwa kiti cha nyuma, magodoro huku na huku, na jogoo miguuni. Tulimbeba kwa kiti mpaka ndani. Hakutaka maji wala chakula kwanza.

"Nipeni huyo mtoto," alisema. Akapewa. Akamtazama, akamnusa utosini, akasema, "Miguu yangu ndiyo iliyoharibika. Mikono hii hapa. Nitakaa mkekani nimpakate, Ritha aende zake akaandike." Kisha akanigeukia. "Na ole wako ufeli, mke mwenza. Nimeshuka milima nimefungwa kama mkungu wa ndizi kwa ajili yako."

Noa akamuuliza kama jogoo naye amekuja kulea. Bibi akamwambia ndiyo, huyo ndiye msimamizi.

Sasa tazama Novemba itakavyokuwa. Mama atakwenda dukani asubuhi, atakuja mchana kunyonyesha, atarudi kazini hadi jioni. Baba huingia kiwandani jua halijatoka. Noa ana miaka mitano. Mimi na wenzangu wote wa kidato cha nne tutahamia bwenini kwa kambi ya mtihani, mkuu wa shule hataki mtahiniwa hata mmoja atokee nyumbani. Bibi atampakata mtoto vizuri kuliko sisi wote, lakini hawezi kusimama kumchukua kitandani, hawezi kuchemsha maji, hawezi kwenda chooni peke yake. Na kuogeshwa na mama bado hakubali. Amelirudia hilo mbele ya baba, na baba alitoka chumbani kabla bibi hajamaliza kusema. Kwa sasa namwogesha mimi kila asubuhi kabla ya shule. Mama Yasini yuko Gare. Hapa Maramba hakuna mwanamke mwingine ambaye bibi atamvulia nguo.

Bibi ana mikono, hana miguu. Wewe una vyote viwili, na ndiye binti yake.

Nilimuuliza bibi nikuandikie vipi. Nilitaka kukuomba, na maneno mazuri ya kuombea ninayo, tumefundishwa. Bibi akakataa. "Ukimwomba atadhani anaweza kukataa," alisema. "Mwambie siku tu."

Siku yenyewe ni Jumatatu, tarehe tatu Novemba. Siku hiyo mama anarudi kazini na mimi naingia kambini. Ukifika Jumamosi kabla yake nitapata muda wa kukuonyesha namna bibi anavyopenda kugeuzwa, na mahali mtoto anapopenda kupigwapigwa mgongoni akishanyonya. Kitanda changu kitakuwa chako. Nitakuachia chandarua kile kisichotoboka. Usipofika, mtoto atashikwa na bibi, mama atajigawa, mimi nitafanya mtihani wangu, na bibi hataoga mpaka Desemba. Hivyo ndivyo ilivyo, na ameamua mwenyewe, anajua anachokisema. Nilipomwambia atanuka, alinijibu kwamba harufu hiyo itafika Morogoro.

Krismasi yako usiisikitikie. Bibi hawezi kubebwa tena kurudi milimani mwaka huu, kwa hiyo ukipanda Gare Desemba utakuta mlango umefungwa. Krismasi itakuwa hapa. Mimi nitakuwa nimemaliza mtihani, na nitapika mimi.

Bado nimekasirika. Sitasema nimepoa kwa sababu tu barua inakaribia kwisha. Lakini nimekuwekea kitanda, na mtu asiyekutegemea hawezi kukuwekea kitanda.

Msalimie sana baba Mathew, na umwambie kaka Mathew kwamba vile vitabu vya Fizikia alivyoniahidi bado navihitaji, unaweza kuja navyo. Mama anakusalimu, na salamu hiyo ametamka mwenyewe, sikumtungia. Baba anakusalimu. Noa anauliza kama utakuja na biskuti za Morogoro. Bibi amekataa kutuma salamu, amesema atakupa ana kwa ana.

Jambo la mwisho. Baba anayo namba ya mkuu wako wa kazi, tangu ulipolazwa ukawa hupatikani. Nimeiona. Ningeweza kumpigia hata leo nikamwambia kwamba mama yako yuko kitandani, kwamba kwetu binti ndiye anayemwogesha mama yake, na kwamba wewe unaona haya kuomba. Angekuandikia likizo kabla hujafika ofisini. Sitampigia. Likizo ni yako, shangazi. Iombe mwenyewe, kwa mdomo wako.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akupe safari njema.

Mimi mwana wa kaka yako, nikukasirikiaye na nikupendaye,

Ritha Ernesti